Hataza ya trastuzumab imekwisha, kwa nini dozi bado haishikiki huku kwetu Lindi?

MwalimuNachingwea aliandika:

Ndugu wana jamvi, naomba mwanga kutoka kwa wale wanaofahamu mambo ya dawa na sheria zake.

Dada yangu, mkazi wa Lindi mjini, aligundulika kuwa na saratani ya matiti, na kipimo cha HER2, protini inayochochea saratani kukua, kikatoka chanya. Baada ya upasuaji na kemotherapia, madaktari wa Dar es Salaam walimwandikia trastuzumab, dawa ya dripu inayotolewa kila baada ya wiki 3 kwa muda wa mwaka mmoja. Kikao cha ukoo kimekaa, fedha za korosho za msimu uliopita zimeshaingia humo, na hesabu bado haijafika. Sijaja kuomba michango. Nimekuja kwa sababu kuna jambo silielewi, na mtu asiyeelewa anachokilipia hulipa huku moyo ukimuuma mara mbili.

Nimesoma kwamba dawa hii iliingia sokoni Marekani mwaka 1998 kwa jina la Herceptin, na kwamba hataza yake kuu (patent, yaani haki ya pekee ya mvumbuzi kuitengeneza na kuiuza) ilikwisha Ulaya mwaka 2014 na Marekani mwaka 2019. Sisi tulioishi kipindi kigumu cha UKIMWI tunakumbuka yaliyotokea kwa ARV. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka, wakati kampuni zenye hataza zilikuwa zikitoza dola 10,000 na zaidi. Bei ikaendelea kuporomoka, na leo mtu wa Ruangwa anachukua ARV zake kituo cha afya bila kutoa senti. Nilitegemea jambo la namna hiyo litokee kwa dawa ya dada yangu. Badala yake nimeambiwa kwamba kuna dawa ya awali na kuna bayosimila, yaani inayofanana nayo lakini ya kampuni nyingine, na kwamba bayosimila ina nafuu, lakini nafuu yenyewe si ya kumwezesha mkulima.

Kwa hiyo nauliza: ikiwa hataza imekwisha, bei imezuiwa na nini? Je, hapa Tanzania tulikuwa tunabanwa na hataza hiyo tangu mwanzo, au tunasimuliwa habari za nchi nyingine? Na bayosimila ni dawa ile ile, au watu wa kusini tunapewa kitu pungufu kwa kuwa tuko mbali na wenye kauli?

MfamasiaShangani alijibu:

Mwalimu, pole sana kwa kuuguza. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini mfano wa ARV haukai sawasawa hapa.

ARV, kama zilivyo aspirini na dawa nyingi za vidonge, ni kemikali ndogo. Molekuli ya aspirini ina uzito wa daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 180 hivi, na kiwanda chochote chenye wakemia wazuri kinaweza kuitengeneza ikawa ile ile, chembe kwa chembe. Trastuzumab ni kingamwili, yaani protini kubwa yenye uzito wa daltoni 148,000 hivi, na haitengenezwi kwa kuchanganya kemikali bali kwa kukuza seli hai zilizowekewa jeni yake. Seli hizo zilitokana na ovari (kifuko cha mayai) ya panya wa jamii ya hamsta wa China, na kila kampuni ina ukoo wake wa seli inaoutunza kwenye baridi kali kama mboni ya jicho. Hataza inapokwisha, kinachoachwa wazi ni haki ya kutengeneza. Seli za kampuni ya awali, joto la matangi yake, chakula cha seli na namna ya kuisafisha protini hubaki siri ya kiwanda. Mshindani analazimika kuanza na seli zake mwenyewe, kisha afanye kazi kwa kurudi nyuma kutoka kwenye dawa iliyokwisha kuuzwa hadi apate protini yenye mpangilio ule ule wa asidi za amino, inayojikunja vile vile, na yenye minyororo ya sukari inayokaribiana na ya awali ndani ya mipaka iliyowekwa.

Nasema inayokaribiana kwa makusudi, kwa sababu hata dawa ya awali yenyewe haifanani kwa asilimia mia kutoka toleo hadi toleo. Seli hai haziko hivyo. Ndiyo maana mamlaka za dawa hazikuikubali njia ya mkato inayotumika kwa jeneriki, yaani nakala za dawa za kemikali, ambapo kiwanda huonyesha tu kwamba kidonge chake kinaingia mwilini kwa kiwango kile kile. Ulaya iliweka utaratibu wa pekee, na bayosimila ya kwanza kuidhinishwa huko ilikuwa Omnitrope, homoni ya ukuaji, mwaka 2006. Marekani ilisubiri hadi Machi 2015 kwa Zarxio. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2009 na kuurekebisha mwaka 2022. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kwamba kuifikisha bayosimila moja sokoni hugharimu kati ya dola milioni 100 na milioni 300, na huchukua miaka saba au zaidi, ilhali jeneriki ya kidonge hugharimu milioni chache tu. Hapo ndipo jibu la swali lako la kwanza linapoanzia: kwa ARV walijitokeza watengenezaji wengi wakashindana, kwa kingamwili wanajitokeza wachache, na kila mmoja ana deni la kurudisha.

Tazama miaka yenyewe. Ulaya hataza ilikwisha 2014, lakini bayosimila ya kwanza ya trastuzumab, Ontruzant, iliidhinishwa Novemba 2017. Miaka mitatu na ushee hakukuwa na hataza wala mshindani. India walitangulia, kwani kampuni ya Biocon ilipata kibali mwishoni mwa 2013 na kuanza kuuza mwaka uliofuata.

Je, ni pungufu? Hapana, kama imepita kwenye mikono inayostahili. Shirika la Afya Duniani liliiingiza trastuzumab kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na Desemba 2019 likaithibitisha bayosimila ya kwanza ya dawa hiyo, ya Samsung Bioepis ya Korea Kusini, ili mashirika na serikali ziweze kuinunua kwa imani. Kwa hapa nyumbani, cha kutazama ni kama TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, imeisajili. Rejista ya dawa zilizosajiliwa iko wazi kwenye tovuti ya mamlaka, na ofisi ya kanda ipo hapa Mtwara.

WakiliMikindani alijibu:

Nimpongeze Mfamasia kwa maelezo yake. Nami nichukue upande wa sheria, maana Mwalimu amegusa jambo ambalo hata wanasheria wenzangu hulipita haraka.

Hakuna hataza ya dunia nzima. Kila nchi hutoa yake, au kwa upande wetu mwombaji hupitia shirika la kikanda la haki miliki, ARIPO, lenye makao Harare. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani unazitaka nchi wanachama zitoe ulinzi wa miaka isiyopungua 20 tangu siku maombi yalipowasilishwa. Hata hivyo, nchi zenye maendeleo duni zaidi zilipewa msamaha: hazilazimiki kutoa wala kulinda hataza za dawa hadi tarehe 1 Januari 2033, kwa uamuzi wa Novemba 2015. Tanzania imo katika kundi hilo. Wengi huchanganya hapa kwa sababu Julai 2020 Benki ya Dunia ilitutangaza kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini, lakini orodha ya Umoja wa Mataifa ni nyingine na ina vigezo vyake, na katika orodha hiyo tungalimo. Mwaka 2024 tulitimiza vigezo vya kutoka kwa mara ya kwanza. Kwa kawaida nchi hutakiwa kuvitimiza katika tathmini mbili zinazofuatana, na tathmini hizo hufanyika kila baada ya miaka mitatu. Siku tutakayotoka, msamaha utakoma kwetu hata kama mwaka 2033 haujafika, na sioni watu wengi wa sekta ya afya wakilijadili jambo hilo kwa uzito unaostahili. Niongeze kwamba msamaha wenyewe haujitekelezi. Ni lazima sheria ya ndani ya nchi iupe nafasi.

Hata hivyo, Mwalimu, kwa dawa ya dada yako sheria yetu ndiyo iliyokuwa na uzito mdogo zaidi, kwa sababu sisi hatuitengenezi. Iliyokuwa na uzito ni sheria ya nchi inayotengeneza, na kwa sehemu kubwa ya dawa zetu nchi hiyo ni India. Hadi mwisho wa 2004 India haikutoa hataza kwa dawa yenyewe bali kwa njia ya kuitengeneza tu, na ndiyo maana Cipla iliweza kufanya ilichokifanya mwaka 2001. Kuanzia Januari 2005 India ililazimika kutoa hataza za dawa zenyewe, ingawa iliweka kifungu cha 3(d) kinachokataa hataza kwa mabadiliko madogo ya dawa inayofahamika, na Mahakama yao ya Juu ikakisimamia mwaka 2013 katika kesi ya Novartis kuhusu Glivec, dawa ya saratani ya damu. Mwaka huo huo, serikali ya India ikiwa inafikiria kutoa leseni ya lazima kwa trastuzumab (ruhusa kwa wengine kuitengeneza bila idhini ya mwenye hataza), kampuni ya Roche, yenye Herceptin, iliamua kuiacha hataza yake ya India. Biocon na mshirika wake Mylan walipoingia sokoni, Roche iliwashtaki katika Mahakama Kuu ya Delhi mwaka 2014, safari hii si kwa hataza bali kwa namna walivyopata kibali na maelezo waliyoyaandika kwenye lebo. Ona basi: hataza imeondoka, kesi imebaki.

Jambo lingine ni kwamba mtu akikuambia hataza imekwisha, muulize hataza ipi. Humira, dawa ya baridi yabisi na magonjwa mengine ya kinga, iliidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2002 na hataza ya molekuli yake ilikwisha mwaka 2016. Bayosimila ya kwanza, Amjevita, iliidhinishwa Septemba mwaka huo huo. Iliuzwa lini? Januari 2023. Mtengenezaji wake, AbbVie, ilikuwa imeizungushia dawa hiyo hataza zaidi ya 100, za kipimo, za namna ya kuitengeneza, za mchanganyiko wake na za magonjwa inayoyatibu, na washindani mmoja baada ya mwingine wakakubali kusubiri kuliko kuzipinga zote mahakamani. Ulaya walianza kuuza bayosimila zake Oktoba 2018. Mwaka 2022 pekee Humira iliingiza zaidi ya dola bilioni 21. Mfano wa Enbrel, dawa nyingine ya baridi yabisi, ni mkali zaidi: bayosimila yake imeuzwa Ulaya tangu 2016, lakini Marekani hataza zinaizuia hadi 2029, kwa kuwa mbili kati ya hizo ziliombwa kabla ya Juni 1995, zikatolewa mwaka 2011 na 2012, na sheria ya zamani ilihesabu miaka 17 tangu siku ya kutolewa.

Kwa trastuzumab mchezo ulikuwa wa aina nyingine. Mwaka 2013, mwaka mmoja kabla ya hataza ya Ulaya kwisha, ilikuja Herceptin ya kuchoma chini ya ngozi, inayotolewa kwa dakika chache badala ya dripu ya nusu saa hadi saa moja na nusu. Sisemi kwamba haina faida kwa mgonjwa, inayo. Nasema tu kwamba ilikuwa na hataza zake, na kwamba haikuwa bahati kuja kwake wakati ule.

MzeeTandahimba alijibu:

Nimesoma yote kwa makini, na nawashukuru wanangu kwa elimu. Lakini mimi ni mkulima, na nimeona viuatilifu vya mikorosho vikiletwa kwa maneno mazuri, lebo nzuri, bei nafuu, na maua yakaungua na ukungu kama vile hatukupuliza kitu. Aliyeuza hakuonekana tena. Sasa mnaniambia protini inayokaribiana na ile ya awali. Inayokaribiana kwa nani? Mgonjwa aliyeanza na dawa moja akibadilishiwa katikati, nani amepima kwamba hakudhurika, au vipimo vyote vinafanywa na hao hao wanaouza?

MuuguziMasasi alijibu:

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ndilo wagonjwa wanalouliza wakiwa wamelala na dripu mkononi, na wana haki ya kujibiwa.

Kupima kumefanyika, na si kwa fedha za wauzaji pekee. Norway serikali yenyewe iligharimia utafiti ulioitwa NOR-SWITCH, uliochapishwa mwaka 2017. Wagonjwa 482 waliokuwa wakitumia infliximab ya awali, dawa ya baridi yabisi na magonjwa mengine ya kinga, na hali zao zikiwa zimetulia waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wakaendelea na ya awali, nusu wakahamishiwa bayosimila, bila wao wala madaktari wao kujua nani amepewa nini. Baada ya wiki 52 ugonjwa ulikuwa umezidi kwa asilimia 26 ya waliobaki na asilimia 30 ya waliohamishwa, tofauti iliyo ndani ya mpaka wa asilimia 15 ambao watafiti walikuwa wameuweka kabla ya kuanza. Ieleweke kwamba infliximab si dawa ya saratani, na utafiti huo hauthibitishi kila bayosimila ya kila ugonjwa. Trastuzumab ilipimwa kivyake, kwa wanawake wenye saratani ya matiti, kabla ya kuidhinishwa.

Lakini mfano wako wa viuatilifu una ukweli ndani yake, kwa maana ya kwamba lebo haitoshi. Kwa dawa za kibayolojia, jina la kitaalamu peke yake halitoshi kuandikwa kwenye faili. Liandikwe na jina la biashara pamoja na namba ya toleo, kila dozi, ili likitokea tatizo ijulikane ni chupa gani na ya nani. Familia inaweza kuiandika pia kwenye daftari lake. Sijaona muuguzi wa kukataa akiombwa kwa adabu. Na iwe bayosimila au ya awali, moyo upimwe kabla ya kuanza na takriban kila baada ya miezi 3, kwani trastuzumab huweza kuudhoofisha, na hilo halitegemei nani ameitengeneza.

UgaviKusini alijibu:

Ningependa nitofautiane kidogo na Wakili, ingawa kila alichosema ni sahihi. Nimefanya kazi ya manunuzi ya dawa kwa muda mrefu, na ninaona kwamba tunaitazama hataza kupita kiasi. Bei haiangushwi na kwisha kwa hataza wala na wingi wa bayosimila zilizosajiliwa. Inaangushwa na mnunuzi mkubwa anayesema: nitanunua kwa mmoja wenu tu, leteni bei.

Ushahidi wangu wa kwanza ni Norway hiyo hiyo. Huko hospitali zote hununua kwa zabuni moja ya taifa kila mwaka. Mwaka 2014 bayosimila ya infliximab ilitolewa kwa punguzo la asilimia 39, na mwaka 2015 punguzo likafika asilimia 69. Kilichobadilika katika mwaka huo mmoja hakikuwa hataza, kwa sababu ilikuwa ni dawa ile ile katika nchi ile ile. Muuzaji alitambua kwamba akishinda anapata nchi nzima, na akishindwa hapati kitu.

Ushahidi wa pili ni Marekani na Humira. Januari 2023 vizuizi viliondoka, na kufikia mwisho wa mwaka bayosimila kadhaa zilikuwa sokoni, nyingine zikiwa na bei ya chini sana kuliko ya awali. Pamoja na hayo, wagonjwa wengi mno waliendelea na Humira, kwa sababu kampuni zinazosimamia orodha za dawa za bima ziliendelea kuiweka na kupokea marejesho ya fedha kutoka kwa mtengenezaji. Aprili 2024 msimamizi mmoja mkubwa, CVS Caremark, aliiondoa Humira kwenye orodha zake kuu, na maagizo ya bayosimila yakaruka katika muda wa wiki chache. Sheria haikubadilika hata koma.

Sasa rudi kwenye ARV za Mwalimu. Tunaikumbuka Cipla na tangazo lake, lakini tunasahau kwamba mwaka 2002 ulianzishwa Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, na mwaka 2003 Marekani ikaanzisha PEPFAR, mpango wake wa UKIMWI, na wawili hao wakawa wanunuzi wa mamilioni ya dozi. Kiwanda cha India kilijua kikizalisha kitauza. Trastuzumab haina mnunuzi wa namna hiyo. Wanaohitaji ni sehemu ndogo, kwa kuwa saratani za matiti zenye HER2 ni kati ya asilimia 15 na 20 hivi, nao wametawanyika, wengine hawajapimwa kabisa, wengine wananunua mfukoni dozi kwa dozi. Mnunuzi wa chupa moja moja hana kauli mbele ya msambazaji. Dawa hupita kwa muuzaji wa nje, mwagizaji, msambazaji na duka, na kila mmoja huongeza chake.

Kwetu kusini kuna mzigo wa ziada. Dawa hii hutunzwa kwa nyuzi joto 2 hadi 8 na haitakiwi kuganda. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 550 kwa barabara, na Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipobomoa madaraja upande wa Somanga, kila aliyekuwa na shehena ya baridi njiani alijua maana ya mnyororo baridi. Msambazaji mwenye akili huiweka hatari hiyo ndani ya bei, au huamua kutoifikisha dawa huku kabisa na kumwacha mgonjwa aifuate. Ndivyo nauli ya basi na malazi ya wiki 3 kwa wiki 3 vinavyokuwa sehemu ya bei ya dawa, ingawa haviandikwi kwenye risiti yake.

Ndiyo maana naona Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 na zabuni za Bohari ya Dawa zina uwezo wa kufanya kwa dawa hizi kile ambacho kwisha kwa hataza hakikukifanya, kwa sharti kwamba wanunuzi wakubali kufungamana: bima ikubali kulipia bayosimila iliyoshinda zabuni, na madaktari wakubali kuiandika hiyo.

WakiliMikindani alijibu:

Nakubali kwa sehemu. Lakini Ugavi atakubaliana nami kwamba zabuni ya Norway mwaka 2015 isingekuwapo kama hataza ingekuwa hai, kwa sababu angekuwapo mzabuni mmoja tu. Pembrolizumab, dawa ya saratani ya kampuni ya Merck ambayo kwa jina la soko ni Keytruda, hataza zake kuu zinatarajiwa kwisha mwaka 2028. Hadi hapo, mnunuzi awe mkubwa vipi, anazungumza na Merck peke yake.

UgaviKusini alijibu:

Hapo sina ubishi, Wakili. Hataza ikiwa hai, zabuni ni barua ya kuomba.

MwalimuNachingwea aliandika:

Nawashukuru nyote, na nimepata nilichokifuata. Nabaki na jambo moja la vitendo, pengine Mfamasia atanisaidia. Dada yangu ana kilo 62. Tumeambiwa chupa moja ni miligramu 440, na kwamba kila dozi ni chupa moja. Nikipiga hesabu ya miligramu 6 kwa kila kilo napata 372. Miligramu 68 zinazobaki huenda wapi, na nani amezilipia?

MfamasiaShangani alijibu:

Amezilipia dada yako, Mwalimu, na mara nyingi zinamwagwa.

Hesabu kamili iko hivi. Dozi ya kwanza ni miligramu 8 kwa kilo, yaani 496, na zinazofuata ni 372. Kwa dozi 18 za mwaka anahitaji miligramu 6,820. Akifunguliwa chupa mpya kila mara na masalio yakimwagwa, atatumia chupa 19, maana dozi ya kwanza inahitaji mbili. Masalio yakitumika, chupa 16 zinatosha. Chupa za miligramu 150 zipo pia, lakini kwa uzito wake angehitaji 3 kwa kila dozi ya 372, na masalio ni 78, kwa hiyo hazimsaidii.

Inawezekana kuyatumia masalio kwa sababu chupa nyingi za 440 huja na maji yake maalumu yenye kihifadhi, na dawa ikichanganywa kwa maji hayo, watengenezaji huruhusu itunzwe kwenye jokofu hadi siku 28, ambazo ni nyingi kuliko siku 21 za kati ya dozi na dozi. Ikichanganywa kwa maji ya kawaida ya sindano, itumike mara moja na inayobaki imwagwe. Jambo hili hufanyika hospitalini tu, mahali penye chumba safi cha kuchanganyia na jokofu linalosomwa kila siku, wala isifikiriwe kuirudisha chupa iliyofunguliwa Lindi kwa basi. Njia iliyo rahisi zaidi kwa hospitali ni kuwapanga wagonjwa wa trastuzumab siku moja ya kliniki, ili chupa zigawanywe kati yao na kila mmoja alipie miligramu zake. Mfamasia wa hospitali asome kwanza kijikaratasi cha chupa husika, kwani maelekezo hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji.

Kuna jambo la pili ambalo nalitaja kwa tahadhari, kwa kuwa uamuzi wake ni wa daktari. Utafiti wa PERSEPHONE wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2019 na kuhusisha wanawake zaidi ya 4,000 wenye saratani ya hatua za awali, ulilinganisha matibabu ya miezi 6 na ya miezi 12, na ukaona kwamba miezi 6 haikuwa duni kwa kiwango walichokiweka, huku madhara ya moyo yakiwa machache. Utafiti wa Ufaransa uliotangulia haukufikia matokeo hayo, na mwaka mmoja bado ndio utaratibu unaofuatwa sehemu nyingi. Lakini kama fedha zitafika dozi ya 9 tu, daktari ajue hivyo mapema, msisubiri mpaka dozi ya 10 ikosekane.

Mkienda safari ijayo, mwulizeni mfamasia wa hospitali wanatumia chupa ya aina gani, wana siku maalumu ya kliniki au hapana, na bayosimila waliyonayo ni ya jina gani. Mpimeni dada uzito siku hiyo hiyo, kwani akipungua kilo 3 dozi yake hushuka kwa miligramu 18.